Hotipoti ya Jozi 4417

Kwa mujibu wa kifaa changu, wajukuu wa Bibi Mghoi walipaswa kuwa na njaa.

Nilisimama uani kwake, Taveta, saa tatu na nusu asubuhi ya Jumamosi, goti likiniuma, nikawaangalia. Mwadime, miaka saba, alikuwa juu ya ukuta wa choo. Wakio, miaka mitatu, alikuwa anamkimbiza kuku na kijiti huku akimkaripia, kana kwamba kuku ndiye aliyeanza. Mtoto mwenye njaa hakimbizi kuku. Hilo nimefundishwa na miaka sita ya kazi hii. Diploma yangu ya maendeleo ya jamii haikulitaja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kupima?"

"Ndiye mimi. Naitwa Namsifu. Nimetoka Holili."

"Mhakiki wa Tanzania! Wetu wamekwisha?"

"Ni sheria, Bibi. Wa kwenu anahakiki kwetu, mimi nahakiki kwenu. Ili tusipendelee watu wetu."

"Na mkikosea wote wawili?"

"Basi tutakuwa tumekosea kwa haki."

Alicheka hadi akashika kiuno, akanisogezea kigoda. Nilikaa, nikamwita Wakio. Juu ya kiwiko cha kushoto alivaa utepe kama watoto wote walioandikishwa: mweupe, upana wa kidole, haulowi, haukatiki kwa kisu cha jikoni. Kila Jumamosi utepe hubana kidogo, hupima unene wa mkono na damu iliyo chini ya ngozi, kisha hubadilika rangi. Nyekundu, njano au kijani. Wa Wakio ulikuwa kijani. Ulikuwa kijani wiki kumi na nne mfululizo, na hiyo ndiyo sababu iliyonivusha mpaka.

Maana Bibi Mghoi hakuwa anapewa kitu. Baada ya Mporomoko wa uchumi nchi yake iliwasaidia wazee kuanzia miaka sabini. Yeye ana sitini na nane. Iliwasaidia yatima, wajukuu wake si yatima, mama yao yuko hai Uarabuni, ila tangu kazi zilipofungwa hajatuma kitu wala neno. Upande wetu mambo ni mengine. Sisi hatuulizi umri. Tunauliza kama mtoto amepelekwa kliniki na kama mama amezibua mitaro siku kumi kwa mwezi, kisha tunampa kapu: unga, maharage, mafuta. Vunjika mguu ushindwe kuzibua mitaro, kapu hulioni. Kila nchi ilikuwa na wavu wake, kila wavu na matundu yake, na wakubwa walitaka kujua wavu upi unanasa wengi kwa gharama ndogo. Ndipo wakaleta Ulinganisho.

Ulinganisho huchukua kaya ya nchi moja na kuitafutia pacha katika nchi nyingine: idadi ileile ya watu, watoto wa umri uleule, paa lilelile, umbali uleule hadi kwenye maji. Tepe za pacha hupima kwa sekunde moja, ili asitokee wa kusingizia mvua au sikukuu. Kama pacha anayepewa kidogo yuko sawa na pacha anayepewa kingi, basi kile kingi kinapunguzwa. Na hakipunguzwi kwa mmoja tu. Kila kaya inayopimwa ina kaya nyingine nyuma yake, zimefungwa kama mabehewa. Nyuma ya pacha wa Bibi Mghoi, upande wetu, zilikuwapo kaya mia sita na kumi na mbili.

Pacha hawatakiwi kujuana. Hiyo ndiyo amri ya kwanza. Hata mimi nilionyeshwa namba tu: Jozi 4417.

Kadi ya mama yangu mzazi, aliyeko Gonja, inaanza na 4417, kama za kaya zote zilizofungwa nyuma ya jozi hiyo. Niliiona namba hiyo nikiwa kwenye foleni ya mpakani. Nikarudisha kifaa kwenye mkoba, nikanunua chai ya rangi, sikuinywa.

"Bibi, watoto wanakula nini?" niliuliza.

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Cha kupikwa."

"Kinatoka wapi?"

"Mungu ni mwema."

"Mungu hayumo kwenye orodha yangu, Bibi. Nina shamba, mshahara, ndugu, na mengineyo."

"Weka mengineyo."

"Mengineyo yanataka maelezo."

"Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Na kazi yako ni kwenda kwa watu kuuliza kwa nini watoto wao hawafi."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Nilijibu kwamba ndiyo, kwa kifupi ndiyo hiyo, nikaomba maji ya kunywa.

Nilimfuata jikoni kwa sababu jiko husema ukweli kuliko mwenye jiko. Mafiga matatu, sufuria mbili, kisu kimoja. Na juu ya meza, hotipoti ya plastiki, bluu, ua jeupe ubavuni, mkono mmoja umevunjika na kufungwa kwa kipande cha kitenge cha njano.

Nilikijua kile kitenge. Mwaka juzi, kwenye kipaimara cha binti yangu mkubwa, Niwaeli, nilipakua ubwabwa kutoka hotipoti hiyohiyo. Tuliazima vyombo mtaa mzima, na mwenye hotipoti hii alinionya mara tatu nisiushike mkono uliovunjika. Ni Nakiete, muuza ndizi, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mjane. Watoto wawili, wa miaka saba na mitatu.

"Bibi, hotipoti hii ni yako?"

"Iko kwangu," alisema Bibi Mghoi. "Kula kidogo, mwanangu. Umekauka."

"Siruhusiwi. Nami nina jozi."

Ni kweli. Wahakiki tulikuwa tunalipwa nusu mshahara na nusu kapu, kwa hiyo nasi tuliandikishwa. Mwanangu wa mwisho anavaa utepe. Pacha wangu yuko mahali fulani Malawi, simjui, na kila Jumatatu kifaa huniuliza kama kaya yangu imepokea chakula kutoka kaya nyingine. Kila Jumatatu nabonyeza Hapana.

Ningeondoka wakati ule, pengine ningejidanganya kwamba hotipoti za bluu ni nyingi duniani. Lakini goti lilikuwa limekaza, nikarudi kwenye kigoda kupumzika. Saa nne na dakika kumi utepe wa Wakio ulinguruma, ule mngurumo mdogo kama wa nzi ndani ya chupa. Na langoni, kwa sekunde ileile, ukanguruma mwingine.

Nakiete alikuwa amesimama pale na mkungu mdogo wa ndizi kichwani na mwanawe Heriel mgongoni. Utepe wa Heriel ulikuwa unabana. Ukawa kijani. Wa Wakio ukawa kijani.

Nakiete aliniona. Aliutua mkungu chini polepole.

"Haya," alisema. "Mama Niwaeli. Leo umekuja kula kwa Bibi?"

*

Hawakukataa. Hilo nilishukuru, maana sikuwa na nguvu ya kubishana.

"Ilikuwa sokoni," Nakiete alieleza, amekaa chini na kumlisha Heriel ndizi kipande kwa kipande. "Mimi nauza ndizi, Bibi kakaa mbele yangu na mafungu yake ya nyanya. Utepe wa huyu ukalia, wa yule ukalia. Wiki iliyofuata tena. Ya tatu nikamwambia, Bibi, wewe na mimi tumeolewa na mume mmoja."

"Nikamwambia, basi huyo mume hajawahi kufika kwangu," alisema Bibi Mghoi.

Waliotengeneza Ulinganisho walitazama ramani wakaona mstari. Kwao, watu wa nchi mbili ni watu walio mbali. Hakuna aliyewaambia kwamba kila Jumatano na Jumamosi nusu ya Holili inahamia soko la Taveta, na mstari wenyewe watu wanauvuka na kuku kwapani.

"Utepe wa Wakio ulikuwa njano," Nakiete aliendelea. "Wa kwangu nao njano. Sasa mimi nimepokea kapu juzi tu. Nikapika makande, nikamletea kwenye hotipoti. Mara moja tu, nilijiambia."

"Makande gani, ile pure yenu ya mahindi na maharage isiyo na chumvi."

"Ulimaliza, Bibi."

"Nilimaliza. Sasa ningemrudishia tupu? Chombo cha mtu? Mimi sikulelewa hivyo. Nikaweka mnavu, na mapapai mawili."

"Nami nikiletewa mboga za watu nikae kimya?" Nakiete aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyetunga desturi hiyo. "Nikaijaza tena. Akaijaza. Ndiyo mwaka umepita."

Nilimtazama Heriel. Mwaka jana huyo mtoto alikuwa mweupe viganjani, kliniki walimwandikia vidonge vya damu ambavyo havikuwapo. Sasa alikuwa na mashavu. Mnavu wa Bibi Mghoi ulikuwa umefanya kazi ya duka la dawa. Hotipoti moja ilikuwa imelisha pande zote mbili, na kifaa changu kilikuwa na visanduku viwili tu: MTOAJI, MPOKEAJI.

"Mnajua mlichofanya?" niliuliza.

"Tumekula," alisema Nakiete.

"Mfumo unaona Bibi hapewi kitu na watoto wake ni wazima. Unaona wewe unapewa kapu na watoto wako ni wazima. Unasema, basi kapu halina kazi. Nikiandika kwamba hapa hakuna tatizo, wanakata la kwako na makapu ya kaya mia sita nyuma yako."

Nakiete aliacha kumlisha mtoto. "Na ukiandika ulichokiona?"

"Uchafuzi. Jozi inafutwa. Wale mia sita wanabaki na makapu yao, wanatafutiwa jozi nyingine. Ninyi wawili mnatolewa kabisa. Miaka mitano."

"Mimi nilishatolewa kabla sijaingia," alisema Bibi Mghoi. "Ni huyu."

*

Nilitoka nje ya lango, nikampigia bosi wangu, Bwana Lyatuu, aliyeko Moshi. Nilimsikia anatafuna.

"Namsifu, kijani kisicho na maelezo hicho umekipatia maelezo?"

"Nimepata. Pacha wanalishana."

Kutafuna kulikoma. "Unasema kweli?"

"Hotipoti inakwenda na kurudi. Mwaka mzima."

"Eh. Wanawake bwana." Akameza. "Basi ni uchafuzi. Bonyeza, rudi nyumbani."

"Sikiliza kwanza. Mwongozo unasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Si ndiyo? Hawa wanakula chungu kimoja. Niwaandike kaya moja, watu sita, kapu moja. Ndivyo wanavyoishi tayari. Hatuongezi hata punje."

"Na mpaka utauweka wapi? Katikati ya chungu?"

"Mpaka hawaujui hata wao."

"Mfumo unaujua. Namsifu, dada yangu, nakuheshimu. Ukiandika kaya moja ndani ya nchi mbili, kifaa kinajifunga, na Jumatatu anakuja mtu mwingine, mgeni, haji na pole. Visanduku ni viwili: hakuna tatizo, au uchafuzi. Chagua."

"Mashine haielewi jirani?"

"Mashine inaelewa jirani vizuri sana. Inamwita uchafuzi." Alianza kutafuna tena. "Kuna jingine?"

Sikumwambia kuhusu mama. Angelazimika kuniondoa kwenye jozi ile, na mgeni angekuja Jumatatu vilevile.

Nilibaki nimesimama pale. Watu walipita na vikapu vya sokoni, wakanisalimu, nikaitikia. Sikuwa mgeni wa kuchagua. Mwaka ule niliwahi kuchagua mara tatu, na mara zote tatu nililala usingizi mzuri kwa sababu sikuwajua watu. Kaya mia sita na kumi na mbili ni nyingi kuliko mbili. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini mmoja kati ya wale mia sita alikuwa na sura, anakaa Gonja, ana kifua, na mimi ndiye ninayemtumia nauli ya hospitali. Kama angekuwa miongoni mwa wale wawili, ningeona hesabu ni nyepesi hivi? Nilijiuliza, nikajibu kwamba hapana, ningekivunja kifaa na jiwe. Kwa hiyo sikujua kama nilichotaka kufanya kilikuwa haki au kilikuwa mama. Bado sijui. Niliamua nitakachojua ni kimoja: nitawaambia usoni. Kwa kawaida simu ndiyo inayowaambia watu.

Nilirudi uani.

"Nabonyeza uchafuzi," nilisema. "Na kuna jambo. Mama yangu yumo kwenye wale mia sita."

Nakiete aliinuka. "Ahaa."

"Ndiyo."

"Kumbe. Mia sita, mia sita, kumbe mama yake." Alimgeukia Bibi Mghoi. "Umemsikia?"

"Nimemsikia. Angeweza kunyamaza."

"Nimshukuru?"

"Sijasema umshukuru."

"Nimezibua mitaro na mimba ya miezi minane," Nakiete aliniambia. "Wewe ndiye uliyenisimamia, Mama Niwaeli, ulikaa kivulini na daftari. Nimeenda kliniki kila mwezi. Hakuna nilichoiba. Nimegawa changu. Sasa niambie kosa langu ni lipi, nilijue, nisilirudie."

Nikasema, "Kosa lako halina kisanduku."

Nikabonyeza.

Kifaa kiliuliza mara mbili kama nina uhakika. Mara ya pili tepe zikafunguka zenyewe, wa Wakio na wa Heriel, kwa sekunde moja kama kawaida yao. Zikaanguka. Wakio aliuokota wake, akaugeuzageuza, akaniletea.

"Imekufa," alisema.

Niliupokea. Kwenye fomu kuna mahali pa kusaini kwamba vifaa vimerudishwa.

Nakiete alikuwa ameshamfunga Heriel mgongoni. Bibi Mghoi aliingia jikoni, akatoka na hotipoti, nzito, mvuke wa mnavu ukitoka pembeni ya kifuniko, akamkabidhi.

"Shika vizuri. Mkono ule mbovu."

"Naujua mkono wake, Bibi, ni hotipoti yangu."

Tulivuka mpaka mimi na Nakiete, yeye mbele, mimi nyuma hatua ishirini, kilomita zote hadi kwetu. Hakugeuka. Goti lilikuwa linaniua na sikuthubutu kumwita anisubiri.

*

Wiki tano zikapita. Kapu la mama lilitoka kama kawaida. Alinipigia kuniambia maharage ya mwezi huu yana wadudu.

La kwangu lilipungua. Pacha wangu wa Malawi, yeyote yule, alikuwa anajitahidi kwa kidogo kuliko mimi, mfumo ukaona natosheka mno. Unga ulipungua nusu, mafuta yakafutwa. Nikaanza kusema ofisini kwamba sisikii njaa mchana. Utepe wa mwanangu wa mwisho ukawa njano Jumamosi mbili. Nilijua maana yake kuliko mama yeyote mtaani kwetu, na ujuzi huo haukunisaidia kitu jikoni.

Jumapili ya wiki ya tano, mchana baada ya ibada, mlango uligongwa. Nakiete. Hotipoti mkononi.

"Sikai," alisema.

"Karibu hata hivyo."

"Nimesema sikai." Alinisukumia hotipoti kifuani, ikabidi niishike. Ilikuwa ya moto. "Nimekuona kanisani. Gauni linakuzunguka kama limetundikwa kwenye mti. Na mtoto wako nimeuona utepe wake, usidhani watu hatuoni."

"Nakiete, siwezi kupokea. Unajua sheria."

"Sheria ni yenu mlio ndani. Mimi uliniweka nje, na nje huku hakuna anayeniuliza nampa nani. Bibi anakuja kwangu mchana kweupe, analala, tunapika pamoja. Wapo na wengine waliotolewa, tumekuwa watano. Mnavu ni wa Bibi. Dagaa ni wa wale wa njia ya reli. Chumvi ni yangu, usiseme haina chumvi."

"Umenisamehe?"

"Nani kasema?" Alishangaa kweli. "Sijakusamehe hata kidogo. Umenisikia nikisema nimekusamehe? Hii ni hotipoti. Usiushike mkono mbovu."

Akaondoka.

Wanangu walikula. Mkubwa aliulamba mwiko. Wa mwisho alilala na tumbo juu kama mtoto wa mbwa, na mimi nikabaki mezani na chombo kitupu. Nilikiosha. Nikakikausha. Nilikiweka kabatini nikakitoa tena, maana hakikuwa changu na kisingeweza kukaa kitupu.

Kwenye debe nilikuwa na unga wa siku nne. Nilichota wa siku mbili. Juu yake nikaweka mayai matatu niliyokuwa nimeficha kwa ajili ya wiki ya mitihani, nikayafunga kwenye kitambaa yasivunjike. Nikafunika. Nilichukua hotipoti kwa mkono mzima, nikapita nyumba tatu, nikagonga ya nne. Alifungua Bibi Mghoi, akaipima uzito kwa mkono kabla hajasema neno.

"Sawa," alisema. Basi.

Jumatatu saa mbili asubuhi kifaa kiliniuliza kama kaya yangu imepokea chakula kutoka kaya nyingine.

Nilibonyeza Ndiyo.

Kikauliza jina la mtoaji. Nikaandika Nakiete, nikaandika Mghoi. Kikauliza jina la mpokeaji. Nikaandika Nakiete, nikaandika Mghoi, nikaandika Namsifu. Kikaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha nikasikia, kutoka chumba cha watoto, utepe ukianguka sakafuni.